Diski Iliyokalia Kiti cha Mwenzake

Machi 9
Daftari hili ni la bure. Watu wa dawa za matone walituletea kliniki maboksi mawili, kila ukurasa una tarehe na picha ya jicho pembeni. Nimekaa nalo tangu Januari bila kuandika neno. Leo mvua imeanza rasmi. Baba watoto hana kazi, maana kuchomelea vyuma kwenye maji ni kujitafutia kifo, kwa hiyo yuko sebuleni anawafundisha watoto karata, kelele moja kwa moja. Nimejifungia chumbani na daftari ili nionekane mtu mwenye shughuli.

Machi 10
Mvua.

Machi 12
Betri ya akiba ya chumba cha kumbukumbu imekufa. Ni lile boksi jeusi chini ya meza linaloishikilia kompyuta umeme unapokatika. Imelia asubuhi nzima mpaka Mzee Funguo akaifunika na koti lake, akaenda zake. Nimeandika barua ya kuomba nyingine. Daktari amesema itaagizwa, na neno hilo nimelisikia miaka minane niliyokaa hapa.

Mzee Funguo ndiye mtunza kumbukumbu. Miaka ishirini na sita yuko kliniki hii ya macho, mwisho wa Mei anastaafu. Jina kalipata kwa shada la funguo analofunga kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona. Mimi wananiita Mama Mashine. Kompyuta zote za hapa, uzima wake na ugonjwa wake, ni juu yangu.

Machi 16
Paa la chumba cha kumbukumbu linavuja, tena juu ya meza yenyewe. Daktari kaamuru diski zisilale nje. Tuna diski mbili za pembeni, zote nyeusi, ukizitazama juu juu huzitofautishi. Moja tunaiita Hazina. Humo mna picha zote za macho za miaka mitano, maana mashine ya kupigia picha ina tumbo dogo na kila mwezi tunaihamishia mzigo wake huko. Ya pili inaitwa ya Kila Siku, nayo inabeba nakala ya picha za wiki hii tu.

Tangu leo Mzee atazifungia kwenye kabati la chuma jioni na kuzichomeka asubuhi. Nimemwelekeza mara mbili: washa kompyuta, chomeka Hazina kwanza, halafu ya Kila Siku. Kompyuta huzipa herufi kwa zamu ya kuonekana. A ni diski yake ya ndani, itakayoonekana kwanza ni B, ya pili ni C. Nimebandika karatasi juu ya kila moja, B na C, kwa kalamu nene, asije akasema hakuona.

Machi 17
Mzee hazisomi karatasi zangu. Anaigeuza diski kichwa chini, anaisogeza puani, anasoma namba ya kiwandani herufi kwa herufi kwa sauti, halafu anaiandika kwenye daftari lake la bluu pamoja na saa. Dakika nne kwa diski mbili. Leo nilisimama mlangoni na mafaili mkononi nikimsubiri amalize.

"Mzee, si nimekubandikia herufi hapo juu?"

"Karatasi inabanduka, mwanangu. Hii imechongwa."

Mtu aliyebakiza miezi miwili na nusu huwezi kumbadilisha.

Machi 19
Nguo hazikauki. Mtoto mdogo ana kikohozi.

Machi 21
Mzee kaangusha diski ya Kila Siku, bahati nzuri kwenye mkeka wa mlangoni. Mikono inamtetemeka siku hizi. Redio, nesi wetu wa mapokezi, kaona, maana yake kliniki nzima ilikuwa na habari kabla ya chai. Hilo jina hakulipata bure.

Machi 24
Umeme ulikatika asubuhi ukarudi. Mzee kanifuata jikoni nikiwa na kikombe mkononi, eti herufi kwenye kioo zimegeuka, Hazina inasoma C. Kazichomoa, kazichomeka upya, zimekaa sawa. Nikamwambia nitatazama kesho. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Machi 25
Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwa kinaniwanga na nikiacha kitachanganya mambo.

Saa saba kasoro kidogo mchana umeme ulikatika. Mvua ilikuwa inapiga bati hatusikilizani. Daktari alikuwa kamwita Mzee kwenye stoo ya dawa kusaidia kuhamisha maboksi, kwa sababu huko nako kumeanza kuvuja. Mimi nilikuwa chumba cha upimaji nahangaika na kiti ambacho hakipandi. Umeme ukarudi saa saba na dakika chache. Kompyuta ya kumbukumbu ikajiwasha yenyewe, ndivyo nilivyoipanga.

Saa saba na nusu, watu wakiwa wanakula, ile amri yangu ya nakala ikafanya kazi. Niliitunga miaka mitatu iliyopita na nikajisifu nayo. Inasema hivi: chukua picha za wiki hii zilizo ndani ya mashine ya kupigia picha, ifanye diski C ifanane nazo, na chochote kilichoko C ambacho huku hakipo, kifute. Ni amri safi. Bila hiyo ile diski ya Kila Siku ingekuwa imejaa zamani.

Saa tisa Daktari akaomba picha za zamani za mgonjwa mmoja. Nikafungua Hazina. Zikatokea picha sitini na mbili za wiki hii. Nikafungua nyingine. Sitini na mbili zile zile. Nikakaa chini.

Picha elfu kumi na moja zimekwenda. Nimejaribu kuzifufua mpaka saa kumi na mbili. Zimerudi mia tatu na kitu, nyingi nusu, na zote zimepoteza majina. Ni macho yasiyo na wenyewe. Nilikuwa nazitazama moja moja, mishipa myekundu na ile duara nyeupe katikati, na sijui hata moja ni la nani.

Daktari hakupandisha sauti. Alivua miwani akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia amri imefuta diski isiyo yake. Akauliza diski huchomekwa na nani. Nikasema Mzee. Akauliza, anaweza kuwa kazichomeka kinyume? Nikasema inawezekana.

Nimeliandika kama nilivyolisema. Inawezekana.

Machi 26
Mzee kaulizwa. Kasema alichomeka Hazina kwanza kama kila siku. Hakuongeza neno. Redio anasema mtu mwenye mikono ile na macho yale, anayesoma namba kwa pua, ni ajabu haikutokea mapema.

Machi 30
Barua imebandikwa ubaoni. Mzee akae nyumbani mpaka kamati ikutane mwisho wa Aprili. Akipatikana na kosa ataondolewa kwa uzembe, siyo kustaafu. Miaka ishirini na sita, na karatasi ya mwisho iandikwe uzembe. Ndani ya barua kuna mstari huu: "kama ilivyothibitishwa na mtunza kompyuta." Nilisoma mara tatu. Mimi nilisema inawezekana.

Alipita akanikabidhi shada la funguo. Bila zile funguo hasikiki. Aliondoka nikiwa nimeinamia droo, nilipoinuka hayupo.

Aprili 2
Sasa kazi ya kabati ni yangu. Asubuhi nafungua, nasogeza daftari lake la bluu, natoa diski, nachomeka. Jioni kinyume chake. Karatasi yangu ya C imebanduka kwa unyevu. Nimebandika nyingine. Amri ya nakala nimeizima mpaka kamati ikae.

Aprili 3
Mvua. Nimesogeza daftari la Mzee, nimechomeka.

Aprili 7
Leo amekuja yule mwalimu wa hesabu mstaafu, mama mmoja mrefu mwenye presha ya macho. Ugonjwa wake hauumi wala haumwoneshi mtu kitu. Njia pekee ya kujua kama unakula mshipa ni kuweka picha ya leo kando ya picha ya zamani. Daktari akamweleza kwamba za zamani hazipo, na kwamba tutaanza upya, leo iwe siku ya kwanza.

Mwalimu alifikiri kidogo. Akasema, "Miaka mitano nimekuja hapa kila baada ya miezi minne. Kwa hiyo sikuja?"

Daktari akatazama chini. Mimi nilikuwa nimeshika waya ambao haukuhitaji kushikwa.

Nilimkasirikia Mzee leo, hasira ya kweli. Nikasema moyoni, kuchomeka vitu viwili tu kwa mpangilio, tena nilimwelekeza mara mbili.

Aprili 8
Mvua. Daftari, diski, kabati.

Aprili 11
Baba watoto kapata kazi ya ndani, kutengeneza rafu za duka. Nyumba imetulia. Nimelala mchana wote wa leo na bado nimechoka.

Aprili 14
Mapokezi kumetokea kichekesho, na sijacheka.

Redio ana namna yake ya kufanya kazi. Wagonjwa wakishakaa kwenye benchi anapanga kadi zao kwa mfuatano wa walivyokaa, halafu haiti jina wala namba, anapita na dawa yake: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ni haraka, na siku za kiangazi haikosei. Leo paa la mapokezi nalo likaanza kudondosha, juu ya kiti cha pili. Yule mama wa pili akainuka akahamia mwisho. Hesabu ya wote nyuma yake ikasogea. Redio alikuwa kwenye simu. Akarudi, akamtia wa tatu matone ya kupanua mboni.

Huyo wa tatu ni dereva wa lori aliyekuja kuchukua miwani yake. Akakaa kimya anasubiri, anadhani ndiyo utaratibu wa miwani. Baada ya nusu saa akasema kwa upole, "Dada, sioni kilichoandikwa kwenye ukuta, na nilipoingia nilikuwa naona." Asingeweza kuendesha mpaka jioni.

Daktari akamjia juu Redio. Redio akajitetea kwa nguvu zote: "Daktari, mimi nimemhudumia wa tatu. Aliyekaa wa tatu ni yeye. Kama watu wanahama viti mimi nifanyeje?"

"Uwaulize namba ya kadi," Daktari akasema. "Kiti si mtu."

Nilikuwa nimepanda ngazi kuweka beseni juu ya rafu. Nikashuka taratibu, nikaenda chumba cha kumbukumbu, nikafunga mlango.

Kompyuta nayo huandika shajara yake, mistari elfu kwa siku, hakuna anayeisoma. Sikuwa nimeisoma. Nilishajua kosa ni la nani, niisome ya nini? Nikarudi nyuma mpaka Machi 25. Asubuhi, saa mbili na dakika tano: diski yenye namba inayoishia 0932 imepewa B. Dakika mbili baadaye: inayoishia 4417 imepewa C. Nikazigeuza diski kichwa chini. Namba ni ndogo kama mbegu za ufuta, nami ilinibidi niisogeze puani. Hazina ni 0932. Mzee alichomeka sawasawa.

Kisha saa saba na dakika nne, umeme uliporudi. 4417 imepewa B. Sekunde tisa mbele, 0932 imepewa C.

Hakuna mkono uliozigusa. Zilikuwa zimechomekwa zote mbili, mashine ikaamka ikatazama nani yuko tayari. Hazina ni ya zamani, inachelewa kuzunguka. Mwenzake akaonekana kwanza akakaa kiti cha B. Kwa miaka mitatu nilikuwa naiambia mashine imfute aliyekaa kiti cha C, bila kumuuliza ni nani. Betri ya akiba ndiyo iliyokuwa ikinifichia, maana haikuacha mashine izimike hata siku moja.

Na kila diski ina namba yake. Imechongwa chini, na ndani mna nyingine ndefu zaidi inayoandikwa siku diski inapoandaliwa, haibadiliki hata uichomeke wapi. Mfumo unazijua zote. Ningeandika namba hiyo ndani ya amri badala ya herufi, ni mstari mmoja tu, nusu saa ya kazi. Nilijifunza hilo chuoni. Niliandika herufi kwa sababu herufi ni fupi.

Aprili 15
Sikusema.

Aprili 16
Sikusema. Mvua. Daftari, diski, kabati.

Aprili 17
Nimejipa sababu tatu na zote zina miguu mifupi. Kwamba kamati bado haijakaa. Kwamba Mzee anaondoka kwa vyovyote, mimi nina watoto wawili na miaka kumi na saba ya kazi mbele. Kwamba sikusema alikosea, nilisema inawezekana. Hii ya tatu ndiyo inayonitia aibu zaidi, kwa sababu nimeifanyia mazoezi.

Aprili 18
Nimemweleza baba watoto. Alikuwa anakwangua kutu kwenye koleo lake. Kasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mimi nikichomelea lango likamwangukia mtu, anaulizwa aliyelifungua?"

"Nikimwaga unga je?"

"Rafu zipo," akasema. "Tutabanana."

Akarudi kwenye kutu yake.

Aprili 19
Sikusema. Daktari alikuwa na wageni. Hata asingekuwa nao.

Aprili 20
Asubuhi nilifungua kabati nikasogeza daftari la bluu kama kawaida, likaanguka, likafunguka. Wiki tatu nimekuwa nikilihamisha toka kushoto kwenda kulia. Nikaliokota nikalisoma nimesimama.

Kurasa zote zina mwandiko ule ule wa kutetemeka. Tarehe, saa, namba, herufi iliyotokea, sahihi. Machi 25 asubuhi, 0932 kwanza, B. 4417 pili, C. Sawa.

Juu yake, Machi 24: "Saa 4:10 umeme umerudi. Herufi zimegeuka zenyewe. 0932 imekuwa C. Nimechomoa, nimechomeka, sawa. Nimemweleza mama wa kompyuta. Kasema kesho."

Nilijua papo hapo kwamba ni kweli, ila nilitaka isiwe. Mchana nikaja nyumbani nikafungua daftari hili langu. Lipo. Machi 24, mistari mitano, kikombe cha chai na mifupa yangu iliyochoka. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba aliniambia, nikasahau, na kesho yake nikakaa mbele ya Daktari nikasema inawezekana.

Ameniambia siku moja kabla. Siku nzima kabla. Ningeshuka naye nikatazama kioo, Mwalimu angekuwa na miaka yake mitano.

Aprili 21
Nimekwenda kwake. Nyumba ina vyumba viwili na ukumbi, ndani safi, viatu vimepangwa mlangoni kwa jozi. Mkewe alinipa kiti, akamwita, kisha akakaa na sisi makusudi, akapakata kapu la mboga. Nilielewa kwamba hataondoka.

Nilisema yote. Herufi, betri, sekunde tisa, Machi 24. Nilipofika katikati mkewe akanipa maji bila kunitazama usoni.

Mzee akauliza, "Daftari umelisoma lini?"

"Jana."

"Funguo unazo tangu tarehe thelathini."

"Ndiyo, Mzee."

Alisugua magoti. "Nilikukasirikia, nisikudanganye. Siku ile ya barua nilikuja nyumbani nikakaa siku tatu sitaki kusikia habari za kliniki. Mke wangu akasema, nenda waambie daftari lipo kabatini. Nikasema hapana. Waliniuliza nimechomeka vipi, nikajibu. Hakuna aliyeniuliza kama ninaandika. Na wewe unaniona kila asubuhi naandika."

"Kwa nini hukusema kwamba ulinionya?"

"Ningesema, ungekataa?"

Nilitaka kusema hapana. Nikafikiri kuhusu yale mazoezi yangu ya "inawezekana". Nikasema, "Sijui."

"Basi," akasema Mzee. "Hata mimi sikujua. Nikaona bora nisijue."

Mkewe ndiye aliyenisindikiza. Mlangoni akasema, "Wale watoto wako tunawaombea. Lakini mume wangu hana uzembe." Nikamwambia najua, mama. Akasema, "Ujue na wao wajue."

Aprili 22
Nimesema. Saa mbili na robo, kabla Daktari hajavaa koti. Niliweka mezani vitu vitatu: mistari ya mashine niliyoichapa, daftari la bluu, na hili langu likiwa limefunguliwa Machi 24. Alisoma vyote vitatu, akauliza moja tu: "Hili lako ulilazimika kunionesha?"

"Hapana."

Akavua miwani akafikicha macho. Akasema naye ana la kwake, kwamba aliandika "imethibitishwa" kwa sababu alitaka jambo liishe siku hiyo. Mvua ilikuwa imepungua, matone yanasikika kwenye beseni moja moja.

Aprili 26
Kamati. Mzee amesafishwa, anarudi kazini. Mimi nimepewa onyo la mwisho kwa maandishi, na kuanzia Juni nahamia mapokezi. Atatafutwa mtu wa kompyuta. Niliomba kitu kimoja tu, barua ya Machi isomwe upya mbele ya wafanyakazi wote na mstari ule ufutwe hadharani, nikiwepo. Wamekubali.

Aprili 29
Imesomwa, nami nimemrudishia Mzee shada lake la funguo. Redio alikuwa wa kwanza kwenda kumshika Mzee mkono, na machozi juu. Mchana wote ameisambaza habari, kwa mara ya kwanza nimefurahi kwamba ana mdomo ule. Wengine hawanisalimii. Sawa.

Mei 2
Nimeiandika upya amri ya nakala kwa namba za ndani, na nikaongeza kitu: isipoiona diski yenye namba ile ile, isifute chochote, ipige kelele. Nusu saa kamili. Nimeizima na kuiwasha kompyuta mara kumi na mbili, herufi zikageuka mara tano, amri haikutetereka. Mzee alisimama nyuma yangu anazihesabu. Karatasi zangu za B na C amezibandua mwenyewe kwa ukucha.

Mei 6
Mwalimu wa hesabu kaja. Nilimwambia kwamba kosa la picha zake ni langu. Akaniuliza lilitokeaje, nikamweleza habari ya herufi na kiti. Akaielewa upesi kuliko kamati nzima. "Ulihesabu nafasi ukadhani umehesabu vitu," akasema. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Ameandikiwa kurudi Septemba.

Mei 9
Jua. Nguo zote nje.

Mei 15
Mvua kidogo jioni. Betri ya akiba imeletwa. Nimecheka peke yangu.

Mei 20
Diski mpya ya Hazina imefika pia, ya zamani hatuiamini tena. Mzee amenifundisha kujaza daftari la bluu. Tarehe, saa, namba mpaka mwisho, siyo tarakimu nne za nyuma. Dakika nne. Sasa sioni kama ni nyingi.

Mei 31
Siku yake ya mwisho. Asubuhi tulifungua kabati pamoja ili tuandikishe Hazina mpya. Akaigeuza, akaisogeza puani, akaanza kusoma kwa sauti nami naandika. Alisoma tatu pale nilipoona nane. Nikamwomba arudie. Akasoma tatu tena. Akaisogeza upande wa jicho la kushoto, akasoma nane.

"Mzee, jicho la kulia linaona?"

"Linaona. Ukungu kidogo tu upande wa pua. La siku nyingi."

"Umewahi kupimwa?"

Akacheka kwa haya. Miaka ishirini na sita kwenye kliniki ya macho, anapanga kadi za watu. "Nilikuwa nangoja kazi ipungue. Leo kuna keki na hotuba, mwanangu, usiwasumbue watu. Nitakuja kesho."

Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na mbili. Redio alikuwa anatuita tukakate keki, magoti yananiuma, na lile lilikuwa jambo jepesi kabisa la kukubali. Nikamshika mkono nikampeleka chumba cha upimaji. Alikaa kwenye kiti kile kibovu akiwa na funguo zake kiunoni, kwa mara ya mwisho, zikagonga chuma. Daktari akaja na kipande cha keki mkononi, akakiweka pembeni.

Ni ile ile ya Mwalimu, presha ya macho. Jicho la kulia limeshaliwa kidogo, la kushoto bado zima. Atatumia matone maisha yake yote. Daktari akasema arudi baada ya miezi sita, tuweke picha ya leo kando ya picha ya siku hiyo, ndipo tutajua kama tumeiwahi.

Nimeipeleka picha kwenye Hazina mpya, kazi yangu ya mwisho kwenye chumba kile. Ni ya kwanza humo. Nikaigeuza diski, nikasoma namba yake yote kwa sauti, Mzee akiitikia, nikaiandika kwenye daftari la bluu na kutia sahihi. Kwenye picha nikaandika namba ya kadi yake mpya, jicho la kulia, tarehe ya leo. Kisha nikaifungua tena kuhakikisha kwamba ipo.